Pazia la Macho

"Vueni pete," alisema Danguolė,
"na saa, na mkufu, na kila king'aacho."
Tulikuwa saba, Vilnius, mwezi wa Januari,
theluji imejaa dirishani
nasi dirisha tumeliziba kwa turubai jeusi.

Pete yangu ikakataa.
Miaka kumi na tisa ya ndoa na mikate ya shayiri
imeinenepesha pingili ya kidole.
Nikapewa sabuni. Ikakataa.
Žygintas akacheka.
Danguolė akaizungushia utepe mweusi,
mizunguko mitatu, kimya,
kama afungaye kidonda cha mtoto.

Kisha akaweka mezani jicho la nguruwe
alilolinunua sokoni asubuhi, bado limo gazetini.
"Huyu leo ni mwenzenu.
Amesahau miwani."

Akabonyeza. Hatukuona kitu.
Hakuna rangi, wala ule uzi mwekundu wa sinema.
Mlio tu: tak,
mdogo kama chawa kati ya kucha mbili.
Mboni ni ileile, inatutazama.
Alipolipasua kwa wembe,
nyuma kabisa, kwenye utando,
palikuwa na nukta nyeupe
isiyofika punje ya mtama.

"Mnasema kufumba na kufumbua," akasema.
"Huu umeshachoma, umeshakwenda zake
kabla ukope haujapata habari."

Wahenga walisema macho hayana pazia.
Wahenga hawakuajiriwa chumba cha tatu.

Tukashikishwa kadi ndogo
iwakayo kijani mwanga unapoipitia,
tukamsaka kwayo, kioo hadi kioo.
Mwanga kwa maana zote mbili:
wa kuangaza,
na yule apitaye usiku milangoni mwa watu, haonekani.
Kalamu ikianguka, iache, itaokotwa kesho.
Usikae. Ukikaa
unayateremsha macho hadi njiani kwake.

Wakati wa chai Danguolė alimimina
kichwa amekigeuza upande
kama kuku anayekagua punje.
Hatukuuliza.
Alisema mwenyewe, akitafuta sukari:
"La kulia nilizaliwa nalo bovu.
La kushoto lina shimo katikati, la humu humu kazini.
Nikimtazama mtu, naona masikio."
Akakoroga.
"Mjukuu wangu ana masikio mazuri sana."

Žygintas aliinamia kikombe chake muda mrefu.

Zamu yangu ikafika. Nikavaa miwani,
chumba kikawa kijani kama chupa.
Nikaita, sauti ikinikwama: "Nawasha!"
Sita wakaitikia, na Žygintas, bila kucheka,
akaja kunikagua mikono,
akaubana utepe uliokuwa umeanza kulegea.

Jioni Vaidotas aliubandua, polepole,
akidhani nimejikata.
Sikumweleza.
Nilimshika mashavu, nikamwelekeza kwenye taa,
nikaanza kumtazama
kuanzia katikati.