Cheza

Juliaca, mwezi wa Julai, saa tano usiku.
Maji ya ndoo yameota ngozi ya barafu,
nami nimevaa glavu zilizokatwa ncha
ili kidole cha shahada kibaki na kazi yake:
kubofya.

Harusi tatu, ubatizo mmoja, sikukuu ya mtaa mzima
zimelala ndani ya kompyuta hii inayokohoa.
Kaka yangu Wilber ndiye mwenye kamera, ndiye anayepewa bia.
Mimi natengeneza menyu.
Bila menyu mgeni huingia kwa dirisha
akatua katikati ya supu.

Nyuma naweka uwanja na bendi ya matarumbeta.
Juu yake tabaka la pili, jembamba kama ganda la kitunguu.
Hapo hukaa vitufe, na programu imenigawia rangi nne,
nne tu, na moja kati yake ni utupu.

Kisha ujirani.
Kila kitufe kiambiwe nani yuko juu yake, nani chini,
kulia nani. Usipokiambia kushoto kuna nani
mshale utafika ukingoni uduwae,
na mteja atarudisha diski akisema imekufa.
Maandishi nayo yakae mbali na pembe: runinga kuukuu hula kingo.
Zilishamla bibi harusi mmoja herufi mbili za jina,
ukoo ukaninunia hadi Pasaka.

Don Fulgencio Ccama alikuja Jumatatu, kofia mkononi.
"Basilia wangu yumo?"
Sikukuu ilikuwa Februari. Basilia alizikwa Machi.
Nikatafuta, saa mbili na nusu za vumbi na shaba,
nikampata safu ya tatu ya wacheza morenada:
anageuka, sketi inafunguka mapindo yote,
anaitazama kamera kama anayeiuliza imekula au bado.
Sekunde kumi na moja.

Nikamtengenezea kitufe chenye jina lake.
"Bonyeza chini mara mbili, halafu katikati."
Akaitikia kwa kichwa, kama mtu mbele ya daktari.

Na kule nyuma, kwenye picha inayojirudia, nikamweka yeye pia.
Nisijisifu: haikuwa huruma.
Kitanzi kizuri hakionyeshi fundo,
na sketi inayozunguka huishia pale ilipoanza.
Ilinifaa, basi.

Agosti nikaenda kudai soli zangu kumi na tano.
Tangu njiani nikasikia tarumbeta,
kimya kidogo,
tarumbeta ileile.
Mlango ulikuwa wazi. Mzee anamenya viazi
na rimoti iko rafuni, bado ndani ya nailoni yake.
Kwenye kioo neno "Cheza" linawaka njano,
linangoja amri, linaamuru,
na Basilia tayari anacheza,
anageuka, anageuka, hafiki mwisho wa safu.

"Don Fulgencio, hapo ni kizingitini tu.
Sikukuu yenyewe iko ndani."

Hakuinua macho kwenye kisu.
"Ndani nilishaingia. Mjukuu alinibonyezea.
Ndani anapita."

Ganda la kiazi likashuka, refu, bila kukatika.

Alinilipa soli nane na mfuko wa viazi vilivyokaushwa kwa baridi.
Usiku nikafungua mradi, nikasogeza fremu moja moja.
Kumbe mshono upo:
mwisho wa sekunde ya thelathini mguu wake wa kushoto
unaruka upana wa kidole, kama aliyejikwaa.
Yule mzee ameuona mara ngapi?
Kwa siku moja tu, ukipiga hesabu, ni maelfu.

Nikaweka kipanya juu ya ule mguu.
Nje mbwa wa jirani wakabweka, wakaacha.
Ningeweza kuurekebisha kwa dakika tano.
Nikafikiri labda anaungojea,
labda kila mara hunyoosha mkono kidogo.

Nikafunga bila kuhifadhi.
Harusi ya kina Yucra inatakiwa Alhamisi,
nao wanataka vitufe vyenye umbo la njiwa.