Herufi Tatu za Maji

Nimekaa dawati la nyuma, kidato cha kwanza B,
magoti yakigusa mbao zilizochongwa majina,
fomu ya tathmini mapajani, kalamu bado ina kifuniko.
Shule iko kilimani Bangwe. Dirisha halina kioo,
ziwa lote limeingia darasani bila hodi.

Mbele yupo Gwimo, mwalimu tarajali,
wiki ya pili ya mazoezi,
shati la kuazima, mkunjo wa pasi ya mkaa begani.
Zana zake: mfuko wa saruji uliogeuzwa ndani nje,
mtungi, bomba na mvua vimechorwa kwa makaa,
na chupa ya maji aliyoyachota Kibirizi alfajiri;
gamba moja la samaki linazunguka ndani, halina haraka.

Akaandika ubaoni: EAU.
Mwandiko mzuri. Ubao, tano kwa tano.
Akavuta pumzi, akasoma kama alivyolelewa kusoma,
kama sisi sote, wana wa lugha isiyoficha kitu,
lugha inayompa sauti kila aliyealikwa:
"E – a – u."
Darasa likaitikia, arobaini na saba,
kama kwaya siku ya kipaimara.

Isipokuwa Mapendo, wa karibu na mlango,
aliyevuka kutoka Kalemie mwaka juzi
na shangazi yake na cherehani isiyo na gurudumu.
Alisema taratibu,
kama mtu anayeonja mboga ya jirani, akakuta haina chumvi:
"O."
Basi. O. Mdomo wa mtungi.

Kicheko kikaanzia safu ya tatu.
Gwimo akasimama na chaki yake,
jasho likamtoka juu ya mdomo,
nami nikapajua pale alipo. Nimewahi kusimama pale.

Uvinza. Nina miaka ishirini na miwili, viatu vipya vinanibana.
Mvulana aitwaye Nduwayo akanyoosha mkono, kwa adabu,
akaniambia *monsieur* haisomwi hivyo.
Nilimtoa nje.
Nilimpigisha magoti kwenye changarawe
mpaka kengele ya saa sita.
Alikuwa sahihi. Nilijua miezi mitatu baadaye,
kwenye kaseti ya chuo,
sauti ya mtu wa mbali ikinisuta bila kunijua,
ikirudia, ikirudia.
Muhula uliofuata nilimtafuta.
Nyumba yao ilikuwa na watu wengine.

Gwimo anautazama ubao kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
Kisha ananitazama mimi.
Nami nikageukia ziwa.
Sikuwa na kingine cha kumpa ila kutomtazama.

Nikasikia: "Mapendo, hebu njoo.
Herufi zote hizi, zimekwenda wapi?"
Ndala moja imeshonwa kwa uzi wa katani; akaja nayo ikiburuta.
Akapokea chaki. Akafikiri.
Akajibu kwa Kiswahili cha ng'ambo:
"Ziko mule mule, mwalimu. Zinanyamaza tu."

Basi wakasema O, yeye akiongoza,
na Gwimo akiitikia kwa sauti kuliko wote,
kidomo amekikunja kama anapuliza chai.
Mtoto wa Matyazo akadakia: "Kwetu ni *amazi*!"
Nayo ikaandikwa. Na *maji* ikaandikwa.
Ubao ukajaa, somo likapitiliza dakika sita.

Matamshi: nne kwa kumi. Sikumwonea huruma.
Kwenye mstari wa maoni mkono wangu uliandika *Nduwayo*,
nikakata, nikaandika: *Anasikia.*

Walipotoka, Gwimo alilowesha tambara kwa maji ya chupa,
akafuta ubao, hakuniuliza kitu.
Pale palipokuwa na EAU
lile gamba la samaki limenata, dogo kama ukucha wa mtoto,
linang'aa.