Kadi

Mpimaji alimpa Ndahani kadi, azipange.
Akazipanga kwa rangi. Sawa, akaambiwa. Sawa.
Kisha kanuni ikabadilishwa kimyakimya
naye akabaki na rangi.
Siyo. Rangi. Siyo. Rangi.
"Najua siyo," akasema,
mkono ukishaweka nyekundu juu ya nyekundu.

Huyu ndiye aliyepogoa mizabibu ya Hombolo,
akijua kwa kugusa tu jicho lipi libaki.
Sasa pajini ana mshono, tangu pikipiki ya Ihumwa,
na chai yetu imeandikwa kwenye boksi ukutani:
maji, jiko, majani, ZIMA.
Anasoma kwa sauti, kidole juu ya neno.
Jana aliruka maji.
Jumapili, katikati ya sala,
alimwambia mchungaji: fupisha.
Nilicheka hadi nikatoka nje, vumbi likanipa sababu ya machozi.

Leo hakuruka kitu. Chai ina moshi, tunakunywa.

Na mimi, Sechelela, kila jioni
naweka kiti karibu na mlango,
namsubiri yule wa kabla ya Mei.
Siyo.
Naweka kiti.
Siyo.
Najua siyo.