Andalio la Somo

Darasa la nane, wasichana ishirini na saba. Dakika arobaini.
Zana: ndoo mbili za maji, mche wa ndimu, na kipimo cha chumvi
nilichoazima maabara ya Al-Khoudh kwa sahihi tatu.
Lengo: mwishoni mwa kipindi mwanafunzi aweze

na hapo kalamu ilikwama, saa saba za usiku.
Aweze nini?

Mwaka wa nne huu najifunza jinsi mmea unywavyo
na jinsi mtoto aelewavyo:
asubuhi udongo, mchana saikolojia,
na profesa wa udongo hamjui wa saikolojia hata kwa jina.
Jamaa wakiuliza nasomea nini, mama hunitangulia:
"Ualimu wa shamba."
Baba hucheka, hujibu kwa Kiarabu chake cha Batina:
shamba halifundishwi, mwanangu. Shamba hufunza.

Shamba lake liko Suweiq, nyuma ya barabara kuu.
Babu alichimba pima tano akakuta maji matamu.
Sisi tukaleta pampu, jirani akaleta pampu,
na kadiri tulivyovuta, bahari ikajongea chini kwa chini,
hodi haikupiga.
Ndimu zilitangulia: ncha za majani zikaungua
kama daftari lililonusurika moto.
Mitende bado imesimama. Mitende ina subira ya kukudanganya.

Likizo iliyopita nilichovya kipimo kisimani.
Tisa nukta nne. Nikamsomea baba
kwa sauti ya mtu anayetegemea maksi.
Akaniuliza: "Hiyo tisa, nikiipanda itaota?"

Shofikul alikuwa anafunga bomba. Miaka kumi na mmoja
anamwagilia mitende isiyo yake.
Akakinga kiganja, akaonja, akatema.
"Kama kwetu," akasema.
Kwao ni mpunga, kusini ya Khulna;
chumvi iliingia majarubani mwaka aliooa,
akapanda ndege kuja kulima pasipo chumvi.
Akarudi kufunga bomba.

Hilo halimo kwenye mtaala. Nimetafuta.

Mama anasema watoto hawashiki nambari, wanashika vina,
akanitungia huku anapepeta mchele:

        Maji yapo kisimani, na mzizi una kiu,
        Chumvi imo udongoni, haionekani juu,
        Kila tone lithamini, kidogo ndicho kikuu,

Kituo kikamponyoka, chungu kilikuwa kinachemka.
Nami somo nitalitoa kwa Kiarabu, vina vyote vitamwagika njiani.
Hata hivyo nimeviandika, pale palipoachwa wazi
kwa Maoni ya Mkaguzi.

Asubuhi. Mkaguzi yuko nyuma, magoti yamebanwa na dawati la mtoto.
Ndoo ya kwanza ya dukani: karibu na sifuri, nasema, tazameni.
Ndoo ya pili ya kwetu.
Kabla sijachovya, Mayasa wa safu ya mbele
ametia kidole, amelamba, amekunja uso.
"Mwalimu, haya ni ya kwa babu yangu."
Nyuma yake mwingine: "Ya kwetu pia."
"Ya kwetu yamezidi haya, mbuzi wameyakataa."
Viti vinaburutwa. Vidole vinane, tisa, ndani ya ndoo,
mkono wa sare umelowa hadi kiwikoni,
mtu anauliza kama ndimu inasikia ladha
na hakuna anayengoja nimjibu.
Kipimo nimekishika hewani
kama mgeni aliyekuja na zawadi nyumba isiyo na nafasi.

Kengele.

Mkaguzi ameandika, kwa wino mwekundu, juu kidogo ya vina vya mama:
Lengo halijakamilika.

Ni kweli.
Na kituo pia bado.