Mbili ya Nini

Saa tisa usiku, Maribor. Theluji imeziba nusu ya dirisha.
Nimesaini mara kumi na moja
kwa ufunguo wangu mwenyewe, kwa kidole hiki
chenye kovu la kisu cha mkate,
na mara zote kumi na moja mkataba umenijibu:
aliyesaini si wewe.

Umenipa na anwani yake, tarakimu arobaini
za mtu nisiyemjua.
Nikibadilisha pipa, anakuja mwingine.
Kila jaribio na mgeni wake,
hana mlango, hana ufunguo, pengine hajazaliwa,
lakini kwa hesabu isiyokosea
ndiye mwenye mkono wangu.

Jambo lenyewe ni asali.
Wafuga nyuki sitini na wawili
wanapiga kura pipa kwa pipa:
Bado. Kubali. Kataa.
Niliyapanga maneno haya kama vikombe,
nikaiita rafu yake Uamuzi,
na kwenye muundo wa kinachosainiwa
nikaandika: uamuzi, aina yake Uamuzi.
Ilisomeka kama sentensi ya mtu aliyelelewa vizuri.

Mkataba hausomi malezi.
Kule ndani neno halivuki.
Kataa huvuliwa koti mlangoni, huvuliwa jina;
kinachoingia ni mbili,
na mbele yake sufuri sitini na tatu
zimesimama foleni bila kununua kitu.
Mimi nilipiga muhuri juu ya jina,
wenyewe ukapiga juu ya namba ya biti nane.
Huku juu ni tofauti ya neno moja.
Kule chini ni mtu mwingine kabisa.

Nikafuta neno. Nikaandika: namba, biti nane.
Nikasaini mara ya kumi na mbili.
Nikarudi.
Nilikaa nikijitazama, tarakimu zangu arobaini,
kama mtu aliyepokewa mpakani baada ya kuzuiwa usiku kucha.

Asubuhi nikampelekea Lojze Kumer,
mwenye mizinga thelathini na koo lisilopona,
ambaye ana ugomvi wa mwaka mzima
na sharubati ya sukari iliyovikwa lebo ya asali.
Akavaa miwani. Simu ikamwonyesha:
pipa 418, uamuzi 2.

"Mbili ya nini?"

Nikaanza: kule ndani, mzee, neno huwa…
"Sijauliza kule ndani.
Nauliza mkono wangu nauweka wapi."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kahawa.
Akatoa kalamu ya rangi, ile ya kutia nukta
mgongoni mwa malkia wa mzinga,
akaandika juu ya ganda la simu, polepole:
2, Kataa.
Kisha akasaini. Mkataba ukamtambua papo hapo.

Mwakani katibu akitaka kuongeza Ahirisha
nitamsihi aliweke mwisho. Mwisho, tafadhali.
Likijipenyeza katikati,
mbili ya Lojze itageuka maana
yeye akiwa amelala,
na saini itabaki halali,
na rangi kwenye ganda lile
itaendelea kusema kweli ya mwaka jana.

Nimerudi mezani. Hesabu inanijua sasa.
Nafungua faili ya skrini, ile aliyoiona yeye,
na pale palipoandikwa 2
nauweka mshale wangu, unapepesa.