Sekunde Nne

Mikono ile ni yangu.
Uso si wangu, sauti si yangu, hata shati
lilirudishwa jioni ileile dukani, na pini zake.
Lakini vidole vile vinavyokimbia shingoni mwa gitaa
kama panya aliyesikia paka,
na kile cha shahada chenye kovu la kisu cha jibini,
vile ni vyangu.

Ilikuwa Riccione, mwezi wa Oktoba,
mwaka wa sitini na tano. Ufuko umeshafungwa,
miavuli imeshalazwa ghalani.
Tukaitoa tena, tukaisimika kwenye mchanga wa baridi,
maana hadithi ilitaka kiangazi.
Wasichana ishirini wa kucheza dansi, nguo za kuogelea,
mapaja yamesisimka kama kuku aliyenyonyolewa.
"Mumunyeni barafu!" akanguruma Guarnacci, mwongozaji,
"pumzi isitoe moshi!"
Wakamumunya, wakatema, wakatabasamu,
wakaimba kuhusu jua.
Na aiskrimu aliyoilamba nyota wetu
ilikuwa viazi vya kupondwa, vimetiwa rangi ya waridi.

Nyota mwenyewe, Lallo Serenari, miaka kumi na tisa,
santuri zake zikinunuliwa kuliko mkate.
Mtoto mpole. Kila asubuhi alinisalimu kwa jina.
Ila gitaa alilishika
kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani.
Ndipo nikaitwa mimi,
mpigaji wa harusini na sikukuu za mavuno, kutoka Lugo,
lire elfu nane kwa siku, na chakula cha mchana.

Kisa? Kisa hakikuwa na uzito wa unyoya.
Askari anampenda binti wa kanali.
Kanali anakataa. Askari anaimba.
Kanali anakataa tena, lakini chini ya meza
kiatu chake kimeanza kufuata ngoma.
Askari anaimba juu ya kifaru cha mbao,
kanali analia, watu wanaoana, taa zinawashwa.
Magazeti ya Roma yaliandika: povu tupu.
Kweli, povu.
Lakini mwulize aliyefua mashuka ya watu maisha yake yote
kama povu halina kazi.

Siku ya mikono, kamera ilisogea
hata nikasikia tumbo lake likisaga.
Nikapiga. Nikasahau kuvua pete.
Guarnacci aliiona baadaye, filamu ikikatwa.
Akashusha pumzi: "Nani ataangalia pete?
Wataangalia nywele za kijana."
Akaiacha.
Basi askari yule kapera, mbele ya Italia nzima,
kwa sekunde nne,
ana mke.

Fosca aliangalia.
Fosca wangu, mfuaji wa hoteli mbili na hospitali moja,
mikono imechubuka kwa magadi,
alikwenda sinema mara kumi na moja.
Mimi nilidhani yuko kwa dada yake.
Alilipa kama wengine, akakaa safu ya tatu,
akawaacha wasichana wazirai kwa ajili ya Lallo,
na zilipofika zile sekunde
alimgusa kiwiko yeyote aliyekaa karibu, akamnong'oneza:
"Mke wake ni mimi."
Haya nilielezwa na mkata tiketi,
siku tuliyomzika.

Jana mjukuu wangu Ornella aliipata filamu kwenye simu.
Nikamwambia, hapo, simamisha.
Akasimamisha, akaikuza kwa vidole viwili.
Pete ikavunjika, ikawa vijiraba vya manjano.
"Babu," akasema, "mikono yote inafanana."
Nikautazama huu wangu juu ya goti:
fundo la kidole limevimba, pete imenasa,
daktari alitaka kuikata, nikamfukuza.
Nikamwambia, rudisha nyuma kidogo.
Akarudisha.
Nikamwambia, tena.