Tone Moja, Bugarika

Nimefunga mshipi wa kuvulia sato kwenye ncha ya fimbo,
kitanzi kidogo, saizi ya pete.
Watoto wa Bugarika wananifuata jiwe hadi jiwe:
"Mama Mijusi, leo unakula wangapi?"
Siwajibu. Anayewinda hajibu.

Huyu hapa, juu ya jabali lenye michirizi ya sabuni,
kichwa waridi, kiwiliwili buluu kama kanga isiyofuliwa bado,
anapiga pushapu.
Machi. Usiku mvua ilinyesha, kumbikumbi wamejaa nyufani,
na majike watatu wanamtazama,
au hawamtazami.
Watu humwita kafiri. Sijui alikanusha nini.

Kitanzi shingoni, tumbo kiganjani.
Moyo wake unadunda kwenye gumba langu kama cherehani.
Tone moja tu, kutoka mkiani,
nalilaza kwenye barafu kando ya soda ya Bulugu.
Kwapani ana utitiri, mwekundu, umejipanga kama shanga.

Jioni, maabara, namba zinakuja:
homoni ya dume imefurika.
Nainamia hadubini kuhesabu askari weupe wa damu.
Wachache. Nahesabu tena.
Ni kama sungusungu usiku wa harusi:
lindo tupu, marungu yameegemezwa ukutani,
wote wako ngomani.

Julai nilimpata yuleyule
(rangi ya kucha niliyompaka bado iko kidoleni pake),
amefifia, rangi ya jivu la juzi.
Vumbi. Ziwa limekunjamana kwa upepo wa kusini.
Hapigi pushapu, hana wa kumwonyesha.
Lakini damu yake!
Askari wamerudi lindoni, wamejaa,
na utitiri umepukutika, imebaki shanga moja.
Nikamwandikia profesa: mwenye afya ni huyu asiyependeza.
Akajibu: ondoa neno "asiyependeza".
Nikaliondoa.

Novemba, jike.
Mayai sita; nayahesabu kwa kidole, juu ya ngozi,
kama anayepapasa maharage ndani ya mfuko.
Chembe zake nazo zimeshuka.
Bulugu, amebeba boksi la barafu, akauliza:
"Kwa nini mwili ulegeze mlango
siku ile ile unapokuwa na cha kuibiwa?"
Daftari langu lina safu ya tarehe, safu ya joto, safu ya uzito.
Swali lake halikuwa na safu.

Alhamisi nilikaa kwenye benchi la kliniki, Butimba,
miezi minne, mkono wa blauzi nimeukunja.
Nesi Ng'washi aligonga gonga mshipa, akachoma,
akanipa chandarua, akanipa vidonge vya malaria nimeze mbele yake.
"Wewe sasa ni mtu wa kuugua upesi,"
alisema bila kuinua macho.
Najua, nesi. Nimeisoma mijusini.
Ila sikujua kwamba ukiwa upande huu wa sindano
hesabu hugeuka kuwa jina,
na unataka mtu akushike kwa kiganja kizima.

Nje, juu ya tangi la maji, mmoja alikuwa anapiga pushapu,
waridi limewaka, mvua za vuli zimempa wazimu.
Fimbo niliiacha nyumbani.
Nikabonyeza pamba mpaka damu ikakata.
Yeye akaendelea.